Kompyuta ya Mwalimu Idarus

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Kisauni. Jumanne, 16 Juni 1998.

Jina: Suad Idarus Mwinyihaji
Umri: Miaka 33
Kazi: Mpiga chapa
Makazi: Frere Town, nyumbani kwa baba yangu

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa hiari yangu kueleza habari za fundi Baya, aliyeko mahabusu hapa tangu jana. Ndugu yangu Jamaludin amemshtaki kwamba aliiba diski ya kompyuta yetu akatutilia nyingine. Hakuiba. Ndugu yangu anajua nimekuja, na tangu asubuhi hajasema nami.

Kompyuta hiyo ni ya kukunja, kuukuu, tuliyopewa na jamaa aliyerudi kutoka Maskati. Baba yangu, Mwalimu Idarus, macho yake hayaoni vyema. Kwa miaka miwili alikuwa akinitajia maneno ya Kimvita ambayo watu wameacha kuyatumia, pamoja na maana zake, nami nikiyapiga chapa humo. Alitaka kiwe kitabu. Mwezi wa Januari mwaka huu alipatwa na kiharusi, akapoteza usemi. Nakala nilizoweka kwenye flopi ziliota ukungu, hazisomeki. Kwa hiyo maneno yalikuwa yamebaki ndani ya mashine ile tu, wala mwenyewe hawezi kuyataja tena.

Mnamo Jumatano tarehe 10 Juni, baada ya chai ya asubuhi, niliiwasha ikakataa. Kioo kilibaki cheusi, na maandishi meupe yakasema faili la mfumo halionekani. Nilizima nikawasha, nikazima nikawasha, kama mjinga. Kisha nikaipeleka kwa Baya, fundi wa redio na kompyuta pale Magogoni.

Baya aliiwasha kwa flopi yake, akarudisha mafaili yaliyoharibika. Ikawaka. Niliiona kazi ya baba kwa macho yangu, nikalia mbele za watu. Kabla hatujanakili hata ukurasa mmoja ikakwama, na ndani ukasikika mlio wa kugonga, kama kucha mlangoni. Baya aliizima upesi akaifungua. Akaniambia, "Dada, yale mafaili yalikuwa dalili tu. Diski yenyewe inakufa. Usiiwashe tena kabisa, mpaka nipate kifaa cha kuyahamisha yaliyomo. Nimeagiza Nairobi." Alinitaka niitie diski alama yangu, pasiwe na maneno baadaye. Nilikuwa na rangi ya kucha mkobani, nyekundu, nikaipaka. Akairudisha ndani, nikarudi na kompyuta nyumbani, nikaiweka juu ya meza ya baba na kuwaambia wote isiguswe.

Ijumaa tarehe 12, baada ya sala, jamaa walikuja kumsomea baba dua. Ada yetu ni kwamba dua ikiisha hufukizwa udi, na watu hurashiwa marashi. Aliyeshika mrashi alikuwa shangazi yangu, Bi. Sheikha, dada yake baba. Nilipoingia na kahawa nikamkuta ameifunua kompyuta, anainyunyizia marashi juu ya vibonye, na chetezo cha udi amekiweka ubavuni. Aliniambia, "Nayo na ipate baraka, mwanangu. Huu ndio ulimi wa kakangu." Alikuwa akilia. Niliacha sinia sakafuni nikakimbilia kitambaa kikavu. Niliporudi, Jamaludin alikuwa ameshaiwasha, awaonyeshe wageni kwamba dua imekubaliwa. Ilitoa mlio mmoja, harufu ya kuungua ikachanganyika na ya waridi, ikazimika.

Sikumpigia mtu kelele. Ningempigia nani? Mmoja alikuwa akilia na mwengine alikuwa akisema "inshallah itawaka" na kubonyeza tena.

Jumamosi tuliirudisha kwa Baya, mimi na Jamaludin. Aliifungua mbele yetu. Ndani mlikuwa na maji yanayonukia, na diski ilikuwa ileile, yenye rangi yangu. Aliijaribu kwenye kompyuta nyingine, ikawa yagonga tu. Baya alimtazama ndugu yangu akasema, "Imeingia maji, kaka," basi. Jamaludin akamjibu, "Ilikuwa nzima mpaka ulipoishika wewe. Wallahi diski yetu umeiuza." Tulirudi na kompyuta nyumbani, na jana Jamaludin akaja hapa kumshtaki. Namjua ndugu yangu. Hawezi kubeba kwamba ni shangazi, wala kwamba ni yeye, basi amembebesha Baya.

Koplo ameniuliza kama baba anaweza kuja kutoa maelezo. Hawezi, na hajui lolote. Tangu augue, kila asubuhi hushikwa mkono akaketi kwenye meza ile na kuchezesha midomo, kana kwamba ananitajia neno. Mimi hupiga chochote ili asikie vibonye. Jana na leo nimepiga kwenye mashine iliyokufa, naye akatulia. Nikiacha hugonga meza kwa kidole, kisha huanza kulia.

Leo nimeileta hapa kuonyesha ile alama. Naomba Baya aachiliwe, nami niruhusiwe kurudi nayo nyumbani. Haiwaki, lakini vibonye vyake bado vyalia.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, na nimesomewa nikayakubali kuwa ni yangu.

Sahihi: Suad Idarus

Maelezo haya yameandikwa nami, Koplo Achieng, na kusomewa shahidi. Alama nyekundu nimeiona. Suala la mtuhumiwa litaamuliwa na mkuu wa kituo. Kompyuta imechukuliwa kuwa kielelezo, itakaa kituoni hadi shauri liishe. Shahidi amefahamishwa. Ameuliza kama vibonye tu vinaweza kung'olewa aende navyo. Nimemwambia haiwezekani.