Madaftari Thelathini na Moja Chini ya Kitanda

Mshauri wangu, nakuomba unisikilize hadi mwisho ndipo unihukumu, maana kazi yangu ni kuwaandikia watu, nimewaandikia miaka ishirini na saba, na leo ndiyo mara ya kwanza naandika shida yangu mwenyewe. Nina meza, benchi na mwavuli nje ya ofisi ya kusajili vizazi, na hakuna aliyenipa, nilianza na kalamu mbili na ubao juu ya ndoo. Wananiita Mama Fomu.

Zamani cheti kilichukua siku arobaini na moja. Sibahatishi, nilikuwa nahesabu. Meza kumi na nne, mihuri tisa, na kati ya meza ya sita na ya saba unapanda ghorofani kumtafuta bwana mwenye muhuri ambaye siku zote yuko kikaoni. Njia hiyo niliijua mimi. Wafadhili walikuja, wakaja na wengine, wakaacha fulana na kofia, meza zikabaki kumi na nne. Kwa hiyo mwaka jana waliposhuka wageni wawili kutoka ofisi ya usajili ya nchi yao, mwanamke mrefu na mwanamume mwenye miwani, nikamwambia shemeji yangu anayesimamia chumba cha mafaili, "Haya, na hawa kofia zao rangi gani?"

Hawakuleta hata kofia moja. Wiki tatu nzima walipanga foleni! Yule mwanamke alikaa kwenye benchi langu, akapewa namba, akaambiwa njoo kesho, akaja, akaambiwa tena njoo kesho, nilihesabu mara kumi na moja, na hakuwahi kusema yeye ni nani. Mwenzake aliifuata fomu moja kwa miguu meza hadi meza, akapata hatua elfu moja mia mbili na sitini. Kisha wakaketi na makarani wetu, wakawauliza, meza hii ni ya nini, na ikiondoka nani ataumia? Makarani wetu sita wakaenda kwao mwezi na nusu, na huko nao wakawafundisha wenyeji wao namna ya kumhoji mtu asiye na karatasi hata moja bila kumvunjia heshima, jambo ambalo wale, pamoja na mashine zao zote, hawakulijua. Meza zikabaki tatu. Nikaingia na saa mkononi ili niwaumbue, nikaomba nakala ya cheti changu. Dakika kumi na tisa. Mshauri, dakika kumi na tisa! Nilitoka nimekishika kwa mikono miwili kama niliyepewa kichanga nikibebe, nikaenda kwenye benchi langu, na benchini hapakuwa na mtu.

Sitakuficha, nina uchungu. Waliuliza habari za meza kumi na nne, lakini hakuna aliyeuliza yangu ikiondoka nani ataumia.

Sasa sikia shida yenyewe. Palikuwa na karani wa mafaili, sasa ni marehemu, tulimwita Kompyuta kwa sababu kila kitu kilikuwa kichwani mwake. Kwa miaka kumi na minne hakupanga mafaili kwa jina la mtoto, alipanga kwa jina la aliyeleta maombi. "Aliyeleta ndiye atakayerudi kuchukua," alikuwa akisema, na sisi tukaona ana akili. Basi mtoto aliyeletwa na jirani yumo kwa jirani, aliyeletwa na mkunga yumo kwa mkunga, na Kompyuta amezikwa na kichwa chake. Mafaili elfu sitini. Shemeji anasema kuyafungua moja moja ni miaka mitatu. Na mimi, kwa kila niliyemjazia fomu, nimeandika daftarini, kwa vifupisho vyangu, jina la mtoto, jina la aliyemleta na tarehe. Wa miaka ile peke yao ni elfu ishirini na moja.

Shemeji akanijia mezani. "Shemeji, yale madaftari yako ya zamani bado unayo?"

"Yaliliwa na mchwa."

"Yote thelathini na moja?"

"Mchwa hawahesabu, shemeji."

Yako chini ya kitanda changu, ndani ya nailoni.

Jumanne akaja binti wa miaka ishirini na nne, amepata kazi ya uuguzi, anatakiwa apeleke cheti kabla ya tarehe ishirini na nane, na chake kiliharibiwa na mvua. Dirishani wamemwambia jina lake halipo. Akaketi, akasema, "Mama, kwa hiyo mimi sikuzaliwa?" Alikuwa akitania, lakini macho yake hayakutania. Nikamwambia, "Njoo kesho." Nikashtuka kuisikia sauti yangu. Nyumbani nikafungua daftari la nne, nikamkuta: aliletwa na fundi cherehani, jirani yao.

Je, nimpe huyu peke yake kimyakimya, wengine nao wanifuate mmoja mmoja, nibaki na meza yangu? Nikiyatoa yote nimekwisha, na shemeji atajua nilimdanganya.

Mama Fomu

MSHAURI ANAJIBU

Mama Fomu, pole, na pole hiyo ni ya kweli. Nilipofika kwa yule mgeni aliyeambiwa njoo kesho mara kumi na moja, nilirudi juu nikaisoma barua upya. Sikujua kwamba ofisi ya serikali inaweza kutengenezwa hivyo, na watu waliokubali kukaa benchini kwanza. Lakini walihesabu kila hatua wasimhesabu mwenye benchi. Hilo ni kosa lao, na uwaambie usoni.

Ila binti hakukukosea kitu. Na hayo ya mchwa, mama mzima, aibu!

Barua yako nimeitanguliza kwa sababu ya tarehe. Ukilisoma jibu hili tu, chukua daftari la nne, nenda na binti hadi dirishani, mbele ya watu, si mlango wa nyuma. Apate chake kwanza. Halafu mwambie shemeji, "Nilikudanganya." Uishie hapo, usitunge hadithi ya pili.

Yale thelathini usiyatupe mezani ukaondoka. Mwandiko wako nimeusoma kwa taabu, na hapa ulikuwa unajitahidi. Vifupisho vya miaka ishirini na saba nani atavisoma bila wewe? Dai kiti ndani. Meza ya nne, kwa maandishi, yenye kazi yake, malipo yake na siku yake ya kuondolewa, kazi hiyo ikiisha. Nadhani watakubali, maana hesabu yako inawaokolea zaidi ya mwaka mzima. Wakikataa, yatoe hata hivyo.

Wewe ulikishika cheti chako kwa mikono miwili. Watu elfu ishirini na moja unawalalia, Mama Fomu, na godoro juu. Huyu mmoja amekuuliza kama alizaliwa, na mji mzima ni wewe tu mwenye jibu, kwa wino, ukurasa na mstari. Mjibu leo.