Jua la Suneka Lilipozama Nikiwa Kazini

Mama mpendwa,

Hujambo huko Suneka? Goti limepoa? Ng'ombe mwekundu ameshazaa? Mimi ni mzima, ila usingizi umevurugika kabisa. Huku kaskazini mwa Norwei jua halizami msimu huu. Linazunguka ukingoni mwa bahari, jeupe, nami natembea kama mtu aliye ndotoni. Juzi nilisikia harufu ya ndizi zikichemka jikoni kwako, nikageuka, nikaona maji matupu.

Naandika Kiswahili kwa sababu Ekegusii changu cha kuandika hukuchekesha. Na sipigi simu kwa sababu jambo hili mdomo ungelikwepa.

Unakumbuka tulivyokubaliana: kwa kuwa jua la huku halizami, Sabato yangu itaanza kila Ijumaa likizama Suneka, nawe utanipigia kunijulisha.

Ijumaa ile asubuhi tuliboresha mfumo wa kompyuta zinazolisha samaki kwenye vizimba. Nilikuwa nimejaribu kila kitu kwenye kompyuta yangu, kikafanya kazi, nikajisifu. Nilisahau kwamba yangu bado ilikuwa na laibrari ya zamani, yaani fungu la maagizo ambalo programu ya kulisha hulitegemea. Mfumo ulikuja na toleo jipya la laibrari hiyo, likashindwana na programu. Ni kama kufunga mkanda usio wake kwenye posho mill: injini inanguruma, unga hautoki. Nikirudisha toleo la zamani, programu ya kupima hewa ya majini inakufa. Nikiweka jipya, samaki hawali. Msimamizi wangu akasema nisiondoke mpaka samaki wale. Bado niko kwenye miezi ya majaribio, Mama. Niliogopa kufutwa.

Jioni nikapata wazo la kuitengea kila programu chumba chake, na toleo lake ndani. Nilikuwa katikati ya kazi hiyo simu ilipolia.

"Omwana one, jua limeingia. Umefunga kazi?"

"Nimefunga, Mama."

Ukaanza kuomba. Ukamshukuru Mungu kwa kukupa kijana asiyeuza Sabato yake hata ugenini. Mkono mmoja ulishika simu, mwingine ukaendelea kuandika. Nilisikia mvua kwenye mabati yetu, nikatamani kuwa pale. Uliposema amina, mitambo ikaanza kumwaga chakula, maji yakachemka kwa samaki, na wenzangu wakapiga kelele za furaha. Ukauliza ni nini. Nikasema ni kwaya.

Kufanya kazi ningeweza kujitetea. Hata ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato hutolewa. Kukudanganya ukiwa umefumba macho, hapo sijitetei. Naona aibu sana.

Msalimie dada yangu Kemunto na mumewe. Mwambie mjomba Nyambane, mchuma chai wetu wa Itumbe, viatu alivyoniagiza nimevipata. Mzee wa kanisa msalimie pia, lakini haya usimsomee.

Barua anakuletea Moraa, nesi wa Ogembo anayekuja likizo. Ijumaa, jua likizama huko, nitakaa na simu mkononi, kompyuta imefungwa kweli. Usiponipigia, nitajua umeisoma.

Mwanao wa kwanza,
Ombati