Ua la Hina Juu ya Keki

Kwa mpwa wangu Muzdalifa, huko Mafia,

Hapa Maparoni hatujambo. Kupamba keki kumewaingia watu, na bingwa ni mjomba wako: juzi waridi langu la krimu liliwavuta nyuki saba, uliza kijiji kizima! Anayenishinda ni mama yako tu, kwa ule mkono wake wa hina.

Keki inayokuja na barua hii ni yake. Tangu uolewe bila ridhaa yake jina lako halitaji, ila jana kaniambia, "Kaka, mfikishie yule." Tazama juu, mwanangu. Ua alilokataa kukuchora mikononi siku ya harusi, kalichora hapo.

Nimemwambia umeahidi kuja Ijumaa. Kashaanza kukusanya mayai. Njoo, usinifanye muongo.

Mjomba wako,
Fikirini