Mende ndani ya laptop ya mjukuu

Mwenzangu, nimetoka kwa fundi sasa hivi, mimi na mjukuu wangu.

Ile laptop yake, yenye kazi yake yote ya chuo, ilikuwa inachemka kama pasi halafu inazima. Fundi akalegeza skrubu, akafunua mgongo. Mende. Mende wazima, mayai, mabawa, na mavi yao yameganda kwenye feni. Mmoja akanipandia mkononi.

Fundi akacheka, "Bibi, kumbe kwenu mnakaa wengi."

Dukani wote wakageuka.

Akasema kazi ya mtoto iko salama, ila feni imekosa hewa. "Nani anaifunika ikiwa inawaka? Mende wanapenda joto na giza."

Ni mimi. Kila siku naifunika kwa kitambaa changu cha kufuma, kama ninavyofunika redio, isiingie vumbi.

Nikanyamaza. Mjukuu akanitazama, akamwambia fundi, "Ni mimi."

Fundi akamgeukia, "Msichana mzima, mchafu hivyo, nani atakuoa?"

Mchafu, mwenzangu. Yule anayenifulia mpaka shuka.

Wale mende wamenitia kinyaa, lakini huu mdomo wangu uliojifunga umenitia kinyaa zaidi.