Dozi Mbili za Safari

Hanad,

Chai iko kwenye chupa, mikate ya canjeero nimeifunika kwa sahani. Ukitoka, funga mlango, mbuzi wasiingie tena kama jana.

Nimeenda kutafuta gari ambalo aabo anaweza kulala ndani yake. Saa nane tunampeleka Garissa. Godoro lako liweke juu ya lake.

Asubuhi daktari mpya wa Garissa alimwona kwa simu. Akasema morfini haandiki kwa mgonjwa ambaye hajampima kwa mikono yake, ndiyo sheria. Nikamwambia hii barabara ya kutoka Masalani itammaliza baba yangu. Akasema anaelewa. Kila mtu anaelewa. Akamuuliza aabo maumivu yakoje, naye, ameng'ang'ania kitanda kwa mikono miwili, akajibu, "Alhamdulillah, daktari. Watoto wako wazima?"

Chupa yake ya dawa ya maumivu imebaki dozi mbili. Zote ni za njiani.

~~Akizidiwa sana mpe nusu.~~ Usimpe. Hata akiomba.

Lakini hataomba. Atakuuliza tu kama umekula. Kwa hivyo kula kwanza, ndipo uingie kwake, angalau hilo umjibu ukweli.

Dada yako,
Bilan