Ubeti wa Pili, Shemeji

Shemeji Zefania,

Sikuamkii. Kwa umri nakuzidi, na wewe ndiye uliyepaswa kuniamkia, ila tangu umuoe dada yangu ulijifanya umesahau. Huko uliko naona unaamkia wakubwa zaidi yangu kutwa nzima. Vizuri, upate adabu.

Sisi tupo. Mkeo Nakunda mguu bado unamsumbua, mdomo mzima. Migomba iliyo pembeni ya kaburi lako imezaa kuliko ulipokuwa hai. Nadhani ulikuwa unaihubiria ikachoka.

Naandika kwa hasira, kwa hiyo vumilia mwandiko. Darasa la tatu nililoishia halikunifundisha kukasirika na kufuata mstari kwa wakati mmoja.

Habari yenyewe ni Meza ya Bwana. Tangu tukuzike sikuigusa. Mchungaji amepanda mara tatu kutoka Gonja kuja kutulisha, na mara tatu nimebaki kwenye benchi nahesabu misumari ya dari. Ulipokuwa umelala hoi uliniambia, "Shemeji, usije ukasusa Meza kwa ajili yangu." Nikakujibu ndiyo, kama mtu anavyomjibu mgonjwa. Halafu nikasusa.

Sababu ni Elisante. Mwenyekiti wa Chama hapa kwetu, tumbo mbele, kalamu mbili mfukoni na hajui kutumia hata moja. Mtu huyo sasa ni mzee wa kanisa. Ndiyo, umesikia. Walimchagua ulipokwisha kuoza kidogo. Ndiye anayesimama karibu na mchungaji kufuta kikombe kwa kitambaa cheupe. Nikikitazama kile kitambaa natamani kukohoa.

Unakumbuka miaka ile? Walituambia nchi imefunguliwa. Sukari ikarudi dukani tukashangilia, kisha tukagundua kwamba dawa za zahanati nazo sasa tunazinunua wenyewe. Kahawa ikaanza kuchukuliwa na watu wa pikapu tusiowajua kwao. Mitumba ikapanda mlima, nikavaa koti miezi mitatu mpaka Nakunda akaniambia ni la mwanamke. Halafu vikaja vyama. Kila kitu kikagawanyika. Hata zamu za maji ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia lililochimbwa na babu zetu kwa msaragambo, kijiji kizima na majembe, zikawa zinagombaniwa kichama, utadhani maji yana kadi.

Na watu wa mageuzi, wapinzani wa Chama, wakawa wanasalimiana kwa vidole viwili. Ukinyoosha viwili njiani, umeshasema kura yako.

Sasa wewe na vidole vyako! Zamani ukitangaza wimbo walikusikia mpaka Maore kule bondeni. Baada ya ule ugonjwa wa koo, sauti ikabaki kama bawaba ya mlango mbovu, ukawa unatuonyesha beti kwa mkono. Kidole kimoja, ubeti wa kwanza. Viwili, wa pili. Miaka minne ulifanya hivyo na hakuna aliyeona ajabu. Mpaka Jumapili ile, wiki mbili kabla ya kura. Ukanyoosha viwili kama kawaida yako, na nyuma ya kanisa mtu akapiga kelele, "Mageuzi hoyee!" Vijana wakadaka. Makofi, vicheko. Elisante akasimama na sare yake ya Chama: "Mwinjilisti! Unapiga kampeni madhabahuni?" Wewe ukawa unasema kitu, midomo inacheza, hakuna anayesikia. Mimi nilikisoma kwenye midomo yako. Ulikuwa unasema, "Ni ubeti. Ni ubeti."

Nusu ya kanisa ilitoka nje.

Wazee wakaja nyumbani kwako na suluhisho lao. Turuke ubeti wa pili mpaka uchaguzi upite. Tuimbe wa kwanza, twende wa tatu. Nami nilikuwa pale nakunywa chai yako, nikakushauri, "Ruka tu, shemeji, Mungu ubeti wa pili anaujua kwa kichwa." Wote wakacheka isipokuwa wewe. Ulisema kwa ile bawaba yako, "Nikianza kuruka kwa kumwogopa Elisante, nitaendelea kuruka mpaka nifike kwa Yesu, naye nitamruka."

Kesho yake wakaja wa upande wa pili na fulana na kofia. Wanakuita shujaa. Wanataka Jumapili unyooshe tena, ila juu zaidi. Ukawarudishia fulana imekunjwa vizuri: "Nina Bwana tayari, wala hanivalishi picha ya mtu." Basi nao wakakuchukia. Ulikuwa na kipaji, Zefania. Mlima mzima umegawanyika, wewe peke yako ukaweza kuunganisha pande zote mbili dhidi yako.

Jumapili ukanyoosha viwili. Elisante akaandika barua juu, barua ikajibiwa, ukaambiwa upumzike. Ukapumzika kwenye benchi la mwisho, na kanzu yako ikavaliwa na mtu asiyejua wimbo hata mmoja. Hawakukuua, nalijua hilo. Kifua ndicho kilikuua. Lakini kifua cha mtu anayesimama mbele hakiingiwi na baridi upesi kama cha mtu aliyewekwa karibu na mlango.

Na kwa ajili ya nini? Yule diwani wa mageuzi waliyemshangilia ameshahamia Chama. Alipokelewa na Elisante mwenyewe, wakashikana mikono, wakala pilau. Kanisani watu bado wamekaa pande mbili, wanatazamana kama mbuzi wa mazizi mawili, na wenye ugomvi wao wako pamoja wanatafuna nyama.

Basi wiki iliyopita mchungaji akatangaza Meza. Nikamwambia Nakunda siendi. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua hata kichwa. "Kama unamsusia Elisante, kamsusie nyumbani kwake. Pale ni kwa Yesu." Dada yangu huyo. Mmekaa pamoja miaka mingi mno.

Nikaenda. Nikapiga magoti, na magoti yangu unayajua, yalilia kanisa zima likasikia. Mkate nikapokea. Kikombe kikaja. Elisante akainama kufuta pale alipokunywa mwenzangu, uso wake huu hapa, jasho, pumzi ya vitunguu. Nikajiandaa kumwangalia vibaya. Akaninong'oneza, "Nilijua ni ubeti."

Shemeji. Alijua. Siku ileile, wakati anasimama na sare yake, alijua.

Mkono ulitaka kuondoka, nakuambia kweli. Ningempiga palepale, na divai yote ingemwagika kwenye kapeti jipya la akina mama. Lakini mdomo ukanitangulia. Nikasema, "Hata mimi."

Sasa ndiyo niandike nilichokikalia tangu mwanzo wa barua hii. Nimekizungushia koti na mitumba na diwani, wewe umekaa tu unanisubiri, kama ulivyokuwa ukisubiri watoto wa kipaimara wataje amri ya nane, ile ya kusema uongo. Aliyepiga kelele nyuma siku ile ni mimi. Kwa utani. Niliona vidole viwili, nikaona tumbo la Elisante mbele, nikasema ngoja nimchokoze. Nilidhani watu watacheka na wewe utaendelea. Nikanywa chai yako, nikakupa ushauri, nikabeba jeneza lako mbele upande wa kulia, na sikusema. Miaka yote hii nimemchukia Elisante kwa nguvu za watu wawili, maana na sehemu yangu nilimbebesha yeye.

Nilikunywa. Usifikiri tulikumbatiana. Bado simpendi, kalamu zake, kitambaa chake, vitunguu vyake. Nje ya kanisa alitaka kunisalimia nikajifanya nafunga viatu, na siku hiyo nilivaa kandambili.

Lakini wewe ulikataa kuruka, na mimi nimeruka miaka. Kwa hiyo nakuahidi hivi: Jumapili, kabla ya sadaka, nitasimama mbele, mbele ya pande zote mbili, niseme ni nani aliyepiga kelele. Nakunda atakuwa benchi la pili na ile fimbo yake. Akinipiga, atakuwa na haki. Nikimaliza kusema sitakaa. Nitamtazama Elisante mpaka asimame naye aseme yake, hata jua lituchwee mle ndani, hata mchungaji akose gari la kuteremka Gonja.

Lala, Zefania. Nisamehe ukipata nafasi. Naye msamehe ukitaka, ila mimi nianze.

Shemeji yako, aliyekuponza.