Mwanamke wa Riwaya za Baba

Antsirabe, Jumapili

Shangazi Bakoly mpenzi,

Mpunga tumevuna salama. Barua yako nimemsomea Mama yote: kwamba marehemu Baba, alipokuwa mdogo, alikuomba umwite Voahangy, jina la kike, nawe ukamzaba kofi.

Unajua Voahangy ndiye anayesimulia riwaya zake zote. Mama aliamini ni hawara. Hata mazishini alimnong'oneza maiti, "Huyo malaya wako mbona hajaja kukulilia?"

Juzi, nilipomaliza kumsomea, alisema, "Kumbe miaka thelathini nilimwonea wivu mume wangu mwenyewe."

Tangu hapo amejifungia na riwaya hizo. Anazisoma kwa sauti, kisha anauliza, "Mbona hukuniambia?" na kusubiri ajibiwe.

Sikulaumu wewe kwa kofi lile, Shangazi.

Mwanao,
Hanta